Picha ya Mbele, Geuza

Shangazi yangu hajui kusoma kimya. Hata akishika chupa ya dawa ya kikohozi, mtaa mzima utajua ni vijiko vingapi na baada ya saa ngapi. Wapo majirani wanaosema ni makelele. Mimi nasema ni bahati yangu, kwa sababu mimi sioni, na kabla sijafika shule ya wasioona, kila nilichowahi kusoma kilipitia kwenye koo la yule mama.

Ni fundi cherehani. Chumba cha mbele cha nyumba yetu ndicho duka lake: cherehani mbili, meza ndefu ya kukatia, kabati la vitambaa, na kioo kikubwa ambacho mimi sina kazi nacho. Nimekulia chini ya meza hiyo. Mama yangu alifariki nikiwa mdogo, na baba, ambaye ni kaka yake Shangazi, alipata kazi ya mbali akaniacha hapo kwa muda, na muda huo haujaisha mpaka leo. Wateja waliniita Vidole, kwa sababu kitambaa kilikuwa hakiingii mlangoni bila mimi kukipapasa, na jina likaganda.

Nilipokubaliwa chuo cha fiziotherapia, ile kazi ya kunyoosha viungo vya watu walioumia au kupooza, Shangazi alifunga duka mchana kweupe. Yule mama hafungi duka hata akiwa na homa. Alinikumbatia nikakosa pumzi, kisha akaanza kunisema kwamba viatu vyangu si vya mtu wa chuo. Ndivyo anavyofurahi.

Basi tukakwama kwenye kitabu.

Kilikuwa kitabu kinene cha mwili wa binadamu, ndicho walimu wote walichokitegemea. Kilichapwa zamani, na aliyekichapa alishafunga shughuli zake. Hakikuwa na nakala ya nukta nundu wala ya kompyuta. Maktaba ya mji ilikuwa na mashine ya kusoma maandishi kwa sauti, na maandishi iliyasoma vizuri tu, sauti yake imenyooka bila kupumua. Lakini ikifika kwenye picha inasema "Picha," halafu inaendelea na safari zake. Na kitabu chenyewe nusu nzima ni picha! "Pafu limegawanyika kama inavyoonekana hapa. Picha." Haya, nenda kafanye mtihani na hiyo.

"Huyu ndiye msomaji?" Shangazi aliiuliza ile mashine, kana kwamba ingemjibu. "Hebu tupishe. Vidole, beba kitabu twende nyumbani."

Akaanza kunisomea dukani, wateja wakiwa wamepungua. Maandishi hayakutupa shida. Shida ilikuja picha ya kwanza ya mapafu.

"Kushoto kuna pafu lenye vipande vitatu," akasema.

"Kushoto kwa nani, Shangazi?"

"Kushoto kwa picha!"

"Picha haiumwi. Mimi nataka kushoto kwa mgonjwa."

"Mgonjwa yuko wapi hapa? Mimi naona karatasi. Nimekata nguo kwenye meza hii tangu hujazaliwa, na kushoto ni huku kwenye mkono ninaoshikia kitambaa. Usinichanganye kichwa!"

Nilimweleza pole pole. Mtu aliyechorwa anakutazama, kwa hiyo kulia kwake kumekaa kwenye kushoto kwako. Akichorwa amekupa mgongo, mambo yanakaa sawa. Shangazi alinielewa vizuri sana, ulimi wake ndio uliokataa. Kila akijaribu kugeuza anageuza nusu, anasahau nusu, kisha anatukana mchoraji. Mwisho tukapatana: yeye aseme anachokiona, ila kwanza ataje kama picha ni ya mbele au ya nyuma. Ya mbele nageuza mwenyewe kichwani, ya nyuma naiacha kama ilivyo. Tukazoea hivyo kabisa. Baada ya sura mbili hatukuwa tunalifikiria tena, kama vile usivyofikiria kitasa cha mlango wa chumbani kwako.

Sasa mtu akisoma kwa mtihani harudii mara moja. Mimi nilikuwa namrudisha Shangazi kwenye ukurasa uleule mpaka anauma meno. Ndipo mkutubi wa ile maktaba akasema njooni mrekodi, mara moja basi. Shangazi alimwita Bwana Vitabu, kwa kejeli kidogo mwanzoni. Ni mtu wa taratibu, anatembea kwa viatu vya raba usimsikie, mpaka upate harufu ya sabuni ndipo ujue amefika. Siku za kurekodi harufu ya sabuni ilizidi. Nilimwambia Shangazi, akanipiga kibao cha bega, akasema nisome masomo yangu.

Chumba cha kurekodia kilikuwa stoo ya mifagio. Bwana Vitabu alizungushia kuta zake magodoro ya zamani ili sauti isirudi, akaweka kinasa sauti, meza na viti. Ukifunga mlango dunia inakatika. Shangazi alikaa humo akasoma kama anavyosoma siku zote, na maneno yake pembeni. "Vidole, unasikia? Msuli huu ndio unaonitesa mimi nikishinda kwenye cherehani." Au: "Hapa mchoraji alikuwa na haraka, sijui alikuwa anawahi wapi." Bwana Vitabu alijaribu kuyakata hayo maneno kwenye kompyuta. Tukasikiliza bila maneno yale, tukakosa raha sote watatu, akayarudisha.

Ndiye aliyeleta wazo. "Fundi," alimwambia Shangazi, "hii kazi ni kubwa mno kumezwa na mtu mmoja. Wako akina Vidole wangapi huko duniani, wanaambiwa 'Picha' halafu basi? Tuiweke kwenye mtandao, wazi, mtu yeyote achukue."

"Kitabu si changu," Shangazi akasema. "Mwenyewe atatupeleka polisi."

Bwana Vitabu akamtafuta mwandishi. Alikuwa daktari mstaafu, bibi mmoja mwenye sauti kavu. Tulimsikiliza watatu kwenye simu, tumebanana stoo.

"Mnaniomba ruhusa ya nini hasa?" akauliza.

Bwana Vitabu akaeleza kwa heshima zote.

"Mimi niliandika ili watu wajue," yule bibi akasema. "Wiki hii tu kuna mtu kaniandikia anatafuta nakala, hapati. Wekeni mahali ambapo hata nisiyemjua ataikuta bila kupiga hodi. Na akikuta kosa arekebishe, msimzuie. Mimi mwenyewe nayajua mawili matatu." Akacheka, akakata simu bila kuaga.

Sauti nayo ina mwenyewe, kwa hiyo Shangazi ilibidi aweke sahihi yake. Bwana Vitabu alimfafanulia: yeyote anaruhusiwa kusikiliza, kunakili, kurekebisha na kugawa, bila kulipa na bila kuomba, mradi aseme alikoitoa.

"Yaani mtu anaweza kuifumua akaishona upya?"

"Anaweza."

"Bila kuniambia?"

"Bila kukuambia, Fundi."

Shangazi akafikiri. "Basi ashone vizuri," akasema, akaweka sahihi.

Jamani, kile kitu kilikwenda! Kiswahili kinazungumzwa nchi ngapi, na wanafunzi wasioona wako kila mahali. Hata wanaoona walisikiliza, wanapika huku Shangazi anawasomea uti wa mgongo. Bwana Vitabu alikuwa anakuja dukani kutusomea ujumbe uliofika, kila mara na shati lenye kifungo kilichong'oka. Vifungo vile mimi nilivigusa. Uzi ulikuwa umekatwa kwa mkasi, umekatwa safi, ila nilinyamaza kwa sababu Shangazi alikuwa anavishona huku anaimba kwa ndani. Mtu mmoja aliandika kwamba bila yule mama kumgombeza angekuwa ameacha chuo. Mwingine aliuliza kama Shangazi ameolewa. "Mwambie hapokei barua," Shangazi akasema, na Bwana Vitabu akakohoa.

Kichwa kilimvimba, tuseme ukweli. Akaanza kujibu simu ya dukani kwa sauti ya kitabu.

Tukafika tumebakiza sura moja, ya mguu. Mtihani wangu wa vitendo ulikuwa mwezi unaofuata, na mguu ndio walioupenda watahini, maana wagonjwa wengi wanaokuja kwetu wanakuja kwa miguu inayokataa kutembea. Siku hiyo Bwana Vitabu aliingia dukani bila kuomba ashonewe kifungo. Nilijua pale pale kuna jambo.

"Kuna ujumbe wa sauti," akasema. "Sijui niuweke au niache."

"Weka," Shangazi akasema, mguu uko kwenye pedali.

Alikuwa kijana, anaongea pole pole kwa adabu. "Shikamoo Shangazi. Mimi pia sioni, nasoma fiziotherapia huku kwetu. Jana mwalimu aliniuliza pafu lipi lina vipande vitatu. Nikasema la kushoto. Akasema si kweli. Nikamwambia kwa ujasiri wote kwamba ni la kushoto, Shangazi amesema, na nikamtajia mpaka sura. Darasa likacheka sana. Sikulaumu, Shangazi. Ila naomba kujua, ni hilo tu au kuna mengine? Maana nimeshakariri sura zote."

Pedali ikasimama.

 Picha ya mbele, geuza! Sisi wawili tulijua. Katika dunia nzima tulijua sisi wawili tu, kwenye duka la nguo, na kitabu kizima tulikimwaga nje na hiyo siri ya nyumbani ndani yake bila hata kukumbuka kwamba ni siri. Kila Shangazi aliposema "hii ya mbele" mimi nilikuwa nageuza. Wenzangu huko walikuwa wanakariri hivyo hivyo.

"Ni picha ngapi?" Shangazi akauliza.

"Za mbele zote," nikasema. "Za nyuma ziko sawa."

"Kwa hiyo hata kusema 'geuza zote' haiwezekani."

"Haiwezekani. Mpaka mtu akae aangalie moja moja."

Akainuka. Nilisikia kiti kikianguka na hakukiokota. "Futa," akamwambia Bwana Vitabu. "Futa yote, leo hii."

"Fundi, hapa kwetu naweza kufuta. Lakini watu walishachukua, walishagawiana..."

"Basi fungia zilizobaki! Tia namba ya siri, abaki Vidole peke yake. Yeye ananielewa." Akaingia chumbani, mlango ukabamizwa mpaka kioo kikatikisika.

Bwana Vitabu alibaki amesimama. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba hafuti, ataweka tu onyo juu ya ukurasa, aandike kosa liko wapi, na aseme sura ya mwisho imesimama kwa sasa. Kisha akaokota kiti, akaenda.

Kesho yake, baada ya chai, Shangazi alinijia na kitabu. Alikuwa amefunga mlango wa barabarani. "Kaa," akasema. "Nakusomea mguu. Hapa hapa, mimi na wewe, hakuna kinasa."

Nilikuwa naitaka sura ile kama mwenye njaa. Lakini nikasikia ule mlango umefungwa, na mori ikanipanda, ndiyo, tumerithiana.

"Sitaki," nikasema.

"Unasemaje?"

"Sitaki kusomewa nimefungiwa ndani. Kama unasoma, soma wote tusikie."

"Vidole, usinichezee. Utafeli!"

"Nifeli. Kwani yule kijana si amechekwa? Mimi nina nini cha zaidi? Nina wewe jikoni, basi. Yeye hana Shangazi nyumbani, Shangazi wake ni ile sauti. Unamnyang'anya kwa sababu unaona aibu!"

"Si aibu!" Kitabu kikatua mezani kwa kishindo. "Nani kakwambia aibu? Kuna mtu amelala kitandani huko, kifua kimemjaa, anashindwa kupumua. Anakuja mwanafunzi aliyenisikiliza mimi, anamlaza ubavu usiofaa. Kwa mdomo wangu huu! Mimi nikikosea nguo nafumua. Mgonjwa namfumuaje, niambie?"

 Alikuwa analia, na Shangazi halii kimya, kwa hiyo nilijua ameumia sana kwa sababu safari hii alilia kimya. Nilimshika mkono, akauacha kidogo, kisha akautoa. Lakini sikukubali kusomewa, naye hakukubali kurudi stoo. Tukaendelea kuishi hivyo, tunapishana na sahani jikoni, "pole," "asante," kama wapangaji. Mtihani unakaribia. Usiku na mchana nilikuwa naupapasa mguu wangu mwenyewe, najua mifupa, sijui msuli upi wala mshipa upi umepita wapi juu yake. Nilijiona mjinga, na nilikuwa na hofu, na bado sikubadili mawazo.

Siku moja alasiri nikapata harufu ya sabuni mlangoni.

"Fundi," Bwana Vitabu akasema, "najua hutaki kunisikia. Mimi sisemi kitu. Sikiliza hii tu."

"Sina nafasi."

"Basi endelea kushona, mimi naweka."

Akaiweka simu kwenye meza ya kukatia. Ilitoka sauti ya Shangazi mwenyewe, sura ya mapafu. "Vidole, unasikia? Hii ya mbele. Kushoto kuna pafu lenye vipande vitatu." Halafu, katikati, sauti nyingine ikaingia, ya mwanamke, nzito, lafudhi si ya kwetu. "Hapa Shangazi anamaanisha kulia kwa mgonjwa. Endelea, Shangazi." Na Shangazi akaendelea, akimsema mchoraji.

Cherehani ilinyamaza.

"Ni nani huyo anayeniingilia?" Shangazi akasema.

"Ni muuguzi mmoja, wa nchi nyingine kabisa. Ana kitabu hiki tangu akiwa chuoni. Aliona lile onyo, akachukua sauti yako akakaa na picha moja moja. Akaona ni nyingi, akawaita wengine. Sikiliza sura ya bega."

Kwenye bega alikuwa mwanamume, anaongea haraka. "Kushoto kwa mgonjwa, siyo kulia. Haya Shangazi, tuko pamoja." Kwenye uti wa mgongo msichana, anacheka kabla hajarekebisha. Kwenye nyonga akaingia mzee mmoja aliyesema, "Samahani sana mama kwa kukukatiza," na kweli alisema samahani kila picha, mpaka mwisho wa sura. Hakuna hata mmoja aliyefuta neno la Shangazi. Waliingia, wakaweka upande sawa, wakampisha.

"Nani kawapa ruhusa?" Shangazi akauliza, lakini sauti ilikuwa imelegea.

"Wewe, Fundi. Ulisema washone vizuri."

Shangazi akaweka mkasi mezani.

"Na yule kijana ameshapata," Bwana Vitabu akaongeza. "Alizipata zilizorekebishwa siku ileile zilipowekwa. Kama tungefungia tangu mwanzo, yule kijana asingetuambia, na muuguzi asingesikia. Kosa lingebaki hapa kwenye meza hii." Akapumua. "Kuna moja tena. Hii ni ya Vidole."

Ilikuwa yule muuguzi. "Vidole, popote ulipo, hujambo. Nimekusikia ukiitwa kitabu kizima, naona kama nakujua. Wametuambia sura ya mguu imesimama. Mtihani hausubiri, kwa hiyo nimekusomea mimi. Shangazi, usinielewe vibaya. Moyo wako ukitulia, soma ya kwako, na hii yangu ifutwe. Sura ya mwisho. Mguu."

Na akasoma. Alisoma yote, maandishi na picha, kila upande mahali pake. Nilishika ukingo wa meza. Sijui kama umewahi kupewa kitu na mtu ambaye hata akikupita barabarani hamtajuana. Nilikuwa nalia na nasikiliza na naogopa kupitwa na neno.

Muuguzi alipofika kwenye goti, Shangazi akashindwa kuvumilia.

"Huyu mama ana moyo mzuri," akasema, "lakini anasoma kama anatangaza msiba. Sikia! 'Mshipa wa fahamu unazunguka kichwa cha mfupa mwembamba.' Mtoto atakumbukaje hapo? Hakumwambia hata aguse! Hakumwambia kwamba hapo ndipo ukijigonga mguu wote unakufa ganzi!" Alikuwa ameshasimama. Nilisikia anatafuta viatu. "Bwana Vitabu, hiyo stoo yako iko wazi?"

"Iko wazi, Fundi."

"Sasa umekaa unangoja nini?"

Mtihani nilifaulu, hilo niliseme hapa nisije nikakuacha na roho juu. Ila ninachotaka kukusimulia ni ile alasiri ya stoo.

Shangazi hakutaka kukosea tena hata mara moja. Alinikalisha juu ya meza, mguu wangu wa kulia ukiwa kwenye mapaja yake, akaniambia, "Leo sisomi karatasi. Leo nasoma wewe." Na kila alichokisoma alikigusa. Akisema upande wa nje wa goti, anabana upande wa nje wa goti langu. Akifika kwenye picha ya mbele anasimama, anatazama karatasi, ananitazama mimi, anahamisha mkono, ndipo anasema. Mara nyingine alikaa muda mrefu kabla ya kusema neno moja. Bwana Vitabu hakumharakisha. Sijawahi kumsikia Shangazi akienda taratibu vile, na mkono wake ulikuwa na jasho, na kila alipoupata upande aliugonga mguu wangu mara moja kama anayethibitisha. Siku ya mtihani, mtahini aliponiuliza ule mshipa wa goti, niliuhisi mkono wa Shangazi kabla sijagusa mgonjwa.

Alipofika ukurasa wa mwisho alifunga kitabu, akanishusha, akaanza kulalamika kwamba mimi ni mzito. Bwana Vitabu akakohoa.

"Fundi, yule muuguzi aliomba ya kwake ifutwe ukimaliza. Niifute sasa?"

"Uifute?" Shangazi akageuka mpaka kiti kikalia. "Ukiigusa nakukata masikio, na mkasi wangu unaujua. Huyo mama alimsomea mwanangu siku niliyokataa mimi. Yake ikae mbele, yangu ikae nyuma ya yake. Na kila mahali anaposikika, watu wajue ni nani."

"Sawa," Bwana Vitabu akasema. Kisha, kwa upole: "Fundi, kinasa bado kinawaka. Nikate hapa mwishoni?"

 Shangazi akakamata mkono wangu, akaubana sana.

"Acha hivyo hivyo," akasema. "Na huyo mama naye asikie."